Taarifa Isiyochelewa: Wajibu Wetu kwa Wazee Walio katika Nyumba za Kutunzia

Mada iliyotolewa kwa viongozi walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia



1. Utangulizi

Tangu mwaka 2021 Kanisa zima linaadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee katika Dominika ya nne ya mwezi Julai, kwa agizo la hayati Baba Mtakatifu Fransisko. Aidha, kila tarehe 15 Juni mataifa yanaadhimisha siku ya kupinga dhuluma dhidi ya wazee, siku iliyokubaliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2011. Katika siku hizo jumuiya zetu hubeba sukari, sabuni, khanga na mablanketi, zikaenda kuwatembelea wazee katika makao yao. Tunaimba, tunasali pamoja nao, kisha tunarudi majumbani tukiwa na furaha ya kutenda mema.

Jambo hilo ni jema na liendelee. Lakini leo tungependa kuuliza swali ambalo halijibiwi na mfuko wa sukari. Tunapomkuta bibi mmoja ana michubuko mikononi, na kila mhudumu anapopita yeye huinamisha kichwa na kunyamaza, tunafanya nini? Tunangoja hadi Julai nyingine? Tunamwambia mwenyekiti, naye angoje kikao cha robo mwaka? Au tunafika mahali panapohusika siku ile ile?

Mada yetu basi ni nyembamba, na tumeifanya nyembamba kwa makusudi. Hatutazungumzia mambo yote ya uzee. Tutazungumzia wakati, yaani muda unaopita kati ya kushuku kwamba mzee anadhulumiwa na kumwarifu mwenye mamlaka ya kuzuia. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili matumbo yanayoumia si ya yule anayengoja, bali ni ya mzee aliye kitandani.

2. Tunachokiita dhuluma

Watu wengi wakisikia neno dhuluma hufikiri kipigo peke yake. Kipigo kipo, lakini dhuluma katika nyumba za kutunzia wazee ina sura nyingi. Kuna matusi, vitisho na kudhalilishwa. Kuna kuguswa au kuingiliwa bila ridhaa, jambo ambalo watu hawapendi kuamini kwamba linaweza kumpata kikongwe, na kwa sababu hawaamini, mtenda huwa salama. Kuna kuibiwa pensheni, au kutiishwa dole gumba kwenye karatasi ambayo mzee hakusomewa. Kuna kufungwa kitandani, na kupewa dawa za usingizi si kwa ajili ya ugonjwa bali ili zamu ya usiku ipumzike.

Halafu kuna kupuuzwa, ambako hakuna mkono ulioinuliwa wala neno baya lililotamkwa. Mzee hageuzwi kitandani, akapata vidonda vya kulalia hadi mfupani. Hapewi maji ya kutosha kwa kuwa akinywa atalowesha shuka. Anaita, wala haitikiwi. Kupuuzwa huua sawasawa na kipigo, tena huua polepole, na kwenye cheti cha kifo huandikwa uzee.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi hupatwa na dhuluma ya aina fulani katika mwaka mmoja, huko huko majumbani na mitaani wanakoishi. Kuhusu nyumba za kutunzia wazee, shirika hilo linaeleza kwamba katika tafiti zilizofanywa, watumishi 2 kati ya 3 walikiri kuwa wametenda dhuluma fulani katika mwaka uliotangulia. Tusiisome takwimu hiyo kana kwamba watumishi wote ni wakatili. Wengi wao ni watu wema waliochoka, wanaolipwa kidogo na kuachiwa wazee wengi kupita uwezo wao. Lakini uchovu wa mhudumu hauondoi maumivu ya mzee.

3. Kwa nini wakati una uzito

Yafaa tuelewe sababu, kwani mtu asiyeelewa sababu ya haraka huiona haraka kuwa ni fujo.

Kwanza, mtenda hurudi kazini. Nyumba ya wazee huendeshwa kwa zamu. Aliyempiga mzee usiku wa Jumatatu atarudi usiku wa Jumanne, naye ndiye atakayemwogesha, kumlisha na kumfunika. Kila zamu inayopita bila taarifa ni zamu ambayo mzee amekabidhiwa tena kwa yule yule anayemwogopa.

Pili, ushahidi hufa. Michubuko hubadilika rangi na kutoweka kadiri siku zinavyopita. Mzee aliyedhalilishwa kimwili akiogeshwa na shuka zikafuliwa, daktari hana tena cha kupima. Picha za kamera, pale zilipo, hufutwa na picha mpya. Daftari la dawa hurekebishwa, nao wahudumu hupata nafasi ya kupatana maneno.

Tatu, kumbukumbu ya mzee mwenyewe ni dhaifu. Wengi wa walio katika nyumba hizo wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Leo anaweza kusema ni nani aliyemvuta nywele. Baada ya wiki mbili atabaki na woga tu, hajui unatoka wapi. Tena tusiseme kwamba maneno yake hayafai kwa kuwa anachanganyikiwa. Watenda wa mabaya huwachagua hasa wale ambao wanajua hawatasadikiwa.

Nne, mwili wa mzee hauvumilii. Jeraha ambalo kijana hupona nalo, kikongwe hufa nalo. Mwezi Septemba mwaka 2017, baada ya kimbunga kiitwacho Irma, nyumba moja ya wazee katika mji wa Hollywood, jimboni Florida nchini Marekani, ilikosa umeme wa mitambo ya kupoza hewa. Wazee walikaa katika joto kali kwa siku tatu, hali hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Vifo 12 vilihesabiwa kuwa vimetokana na tukio hilo. Hapo hapakukosekana hospitali wala barabara ya kufikia. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuwatoa wazee mapema.

4. Yaliyowapata wengine

Tunachukua mifano ya nchi tajiri kwa makusudi, ili asiwepo wa kusema kwamba dhuluma hii ni tunda la umaskini tu.

Huko Australia, katika mji wa Adelaide, palikuwa na nyumba ya serikali iitwayo Oakden, iliyotunza wazee wenye maradhi ya akili. Mwaka 2016 familia moja ilimpeleka baba yao huko. Baada ya muda mfupi alifikishwa hospitali akiwa na michubuko mikubwa, tena ikabainika kwamba alikuwa amepewa dawa mara kumi ya kipimo alichoandikiwa. Familia ililalamika. Mzee akafariki mwaka huo huo, na hadi anafariki malalamiko yalikuwa hayajazaa jambo. Ndugu zake hawakunyamaza. Waliendelea kubisha mlango mmoja baada ya mwingine, hata ukafanywa uchunguzi ambao taarifa yake ilitolewa mwezi Aprili 2017, na nyumba ile ikafungwa mwaka huo. Ikajulikana kwamba upungufu wa Oakden ulikuwa umeonekana na wakaguzi takriban miaka kumi nyuma. Watu walijua, waliojua hawakusema, au walisema kwa asiyetaka kusikia.

Kutokana na hayo, mwaka 2018 serikali ya Australia iliunda Tume ya Kifalme ya kuchunguza utunzaji wa wazee nchi nzima. Taarifa yake ya awali ya mwaka 2019 ilipewa jina la neno moja tu, maana yake Kupuuzwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 nyumba za wazee za nchi hiyo zinalazimika kutoa taarifa ya matukio mazito katika muda usiozidi saa 24.

Tutazame na Kanada. Katika jimbo la Ontario, muuguzi mmoja aliwaua wazee 8 kwa kuwadunga insulini, kati ya mwaka 2007 na 2014. Mwaka 2014 aliachishwa kazi katika nyumba moja kwa makosa ya dawa. Taarifa ya kuachishwa kwake ilifika kwenye chombo cha wauguzi, lakini haikufuatiliwa kwa namna ya kumzuia. Naye akaondoka na barua ya kumpendekeza, akapata kazi katika nyumba nyingine, na huko akaua tena. Alijulikana mwaka 2016, kwa sababu moja tu: aliungama mwenyewe. Tume iliyochunguza mkasa huo ilitoa taarifa mwaka 2019 yenye mapendekezo 91. Kwetu fundisho ni hili: kumwondoa mtu kimya kimya na kumpa barua nzuri si kutoa taarifa. Ni kumhamishia hatari mzee wa nyumba ya jirani.

5. Saa 2 na saa 24: mfano wa Marekani

Marekani ina historia ndefu katika jambo hili, nasi tunaweza kujifunza kutokana na sheria zake na kutokana na mapungufu ya utekelezaji wake. Mwaka 1972 ulianza mpango wa majaribio wa kuweka watetezi wa wakazi wa nyumba za wazee, watu ambao kazi yao ni kuingia katika nyumba hizo, kusikiliza malalamiko na kuyafuatilia kwa niaba ya mkazi. Leo kila jimbo lina ofisi ya watetezi hao, na wengi wao ni watu wa kujitolea, kama nyinyi. Mwaka 1987 ilipitishwa sheria iliyotaja haki za mkazi, ikiwa ni pamoja na haki ya kutodhulumiwa na ya kutofungwa kwa kamba au kwa dawa kwa ajili ya urahisi wa watumishi.

Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Haki kwa Wazee. Chini ya sheria hii, katika nyumba zinazopokea fedha za serikali kuu, wajibu wa kutoa taarifa haumkalii mkuu wa nyumba peke yake. Unamkalia mmiliki, meneja, mwajiriwa na hata mkandarasi. Kila mmoja wao, akiwa na sababu ya kushuku kwamba mkazi ametendewa kosa la jinai, lazima atoe taarifa kwa polisi na kwa mamlaka ya serikali inayosimamia nyumba hizo. Kama kuna jeraha kubwa la mwili, taarifa itolewe mara moja, katika muda usiozidi saa 2. Kama hakuna jeraha la namna hiyo, muda usizidi saa 24. Sheria hiyo ilipopitishwa mwaka 2010, iliweka kwamba asiyetii angeweza kutozwa faini ya hadi dola 200,000, na ikiwa ukimya wake umezidisha madhara, hadi dola 300,000. Nayo nyumba hairuhusiwi kumwadhibu mtumishi kwa sababu ametoa taarifa.

Tuyatazame maneno matatu katika mpangilio huo. Neno la kwanza ni kushuku. Sheria haisemi anayejua, wala aliyethibitisha. Kuthibitisha ni kazi ya wachunguzi. Neno la pili ni kila mmoja. Mfagiaji hawezi kusema alimwachia muuguzi, wala muuguzi hawezi kusema alimwachia meneja. Neno la tatu ni saa. Haikuandikwa mapema iwezekanavyo, kwa maana maneno hayo kila mtu huyapima kwa kipimo chake.

Je, sheria imetosha? Haikutosha. Mwaka 2019 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba makosa ya dhuluma yaliyoandikwa na wakaguzi katika nyumba za wazee yaliongezeka kutoka 430 mwaka 2013 hadi 875 mwaka 2017. Mwaka huo huo wa 2019, Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya ya nchi hiyo alieleza kwamba kati ya wakazi waliopelekwa hospitali kwa dharura zenye dalili za hatari mwaka 2016, takriban 1 kati ya 5 huenda alikuwa ameumia kwa dhuluma au kwa kupuuzwa. Na mengi ya matukio hayo hayakutolewa taarifa kama inavyotakiwa. Halafu, mwezi Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, milango ya nyumba hizo ilifungwa hata kwa jamaa. Jicho la binti aliyekuja kila jioni kumlisha mama yake likaondolewa. Ndipo watu walipoelewa kwamba jicho lile lilikuwa ulinzi kuliko kamera.

Mambo haya hayako mbali nasi. Wana na mabinti wa parokia zetu wako Marekani na Uingereza wakifanya kazi hiyo ya kutunza wazee, na fedha wanazotuma zimesomesha watoto na kuezeka nyumba. Huko Uingereza, wahudumu wa wazee walianza kupewa viza maalumu mwezi Februari 2022, na mlango huo ukafungwa kwa waombaji wapya kutoka nje mwezi Julai 2025. Viza ya namna hiyo humfunga mtumishi kwa mwajiri wake. Mwajiri akimkataa, ukaazi wake nchini uko hatarini. Mtu wa namna hiyo akiona mzee anapigwa na msimamizi wake, ulimi wake huwa mzito. Tunapozungumza nao kwa simu, tusiwaulize habari za fedha tu. Tuwaulize kama kazini wako salama na kama wazee wanaowatunza wako salama, tena tuwatie moyo waseme, hata ikiwa mwezi huo hatutapokea kitu.

6. Hali ya kwetu

Kwetu mzee hutunzwa hasa nyumbani, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo makao ya wazee yapo, ya serikali, ya madhehebu ya dini na ya watu binafsi. Baadhi ya makao ya serikali yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Wengi wa wanaoishi humo hawana wana, au wana wao hawajulikani walipo. Wengine walikimbia vijiji vyao. Tunafahamu jinsi vikongwe katika mikoa ya Kanda ya Ziwa walivyotuhumiwa uchawi na kuuawa, pengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Mama wa namna hiyo akifika kwenye makao, amefika mahali pa mwisho. Akidhulumiwa hapo, hana nyumba nyingine ya kukimbilia, wala mwana atakayekuja kuuliza. Sisi tunaomtembelea ndio jamaa zake pekee.

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Haki za Wazee mwaka 2016. Wenzetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 57, wameandika haki ya mzee kuishi kwa heshima na bila kudhulumiwa. Aidha, Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 7, inamtaka kila mtu anayepata kujua kuwa kosa la jinai limetendwa, au linakusudiwa kutendwa, amwarifu mara moja polisi au kiongozi wa mahali pale. Kumpiga mzee ni kosa la jinai. Kumwibia ni kosa la jinai. Basi taarifa tunayoizungumzia si umbeya wala fitina. Ni wajibu wa raia.

7. Sababu za kunyamaza

Tunafahamu yanayosemwa pale mtu anapotaka kusema, nayo yafaa yajibiwe moja moja.

Husemwa: hatuna ushahidi. Jibu ni kwamba hatutakiwi kuhukumu, tunatakiwa kuarifu. Mtu anayeona moshi kwenye paa la jirani hangoji kuona mwali.

Husemwa: tutalimaliza wenyewe, tumwite tumwonye. Kuonya ni jambo jema kwa kosa dogo la kinidhamu. Lakini kwa dhuluma, kumwonya mtuhumiwa kabla ya taarifa ni kumpa muda wa kuficha, na kumwachia mzee alipie hasira yake.

Husemwa: mzee mwenyewe amekataa tusiseme. Hili ni gumu kweli kweli. Mzee mwenye akili timamu ana haki ya kusikilizwa, nasi hatumfanyi mtoto. Lakini tujiulize anaogopa nini. Mara nyingi anaogopa kufukuzwa, au kunyimwa chakula. Tumweleze kwa upole tutakwenda kwa nani, na tutafanya nini ili asiachwe peke yake. Tena tukumbuke kuwa katika vyumba vile yeye si peke yake. Kunyamaza kwa ajili ya mmoja ni kuwaacha walio vitanda vya jirani.

Husemwa: mtumishi yule ni maskini, ana watoto. Tunamhurumia, na haki yake tutaisema hivi punde. Lakini huruma inayomwelekea mwenye nguvu na kumpita mnyonge imepotea njia.

Na mwisho husemwa: tutaliaibisha Kanisa.

8. Nyumba zetu wenyewe

Hapo ndipo penye jaribu kubwa. Makao mengine ya wazee ni ya majimbo yetu na ya mashirika ya kitawa. Masista na mabruda wengi wamemaliza ujana wao wakiwaosha na kuwalisha watu ambao ulimwengu umewasahau, na hatuna maneno ya kutosha ya kuwashukuru. Lakini jina jema la shirika si kinga ya mzee. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kanisa katika nchi nyingi limejifunza hivyo kwa machozi katika suala la watoto: waliodhurika walidhurika mara mbili, kwanza na mtenda, kisha na ukimya wa waliojua.

Kwa sababu hiyo mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa waraka uitwao Vos estis lux mundi, uliothibitishwa na kurekebishwa mwaka 2023. Waraka huo unawalazimisha mapadre na watawa kutoa taarifa bila kuchelewa kwa mamlaka ya Kanisa wanapopata habari za dhuluma za kijinsia, hata kwa watu wazima walio dhaifu kwa ugonjwa au upungufu wa akili au mwili; na hauondoi wajibu wa kutii sheria za nchi. Basi katika nyumba zetu taratibu mbili zinakwenda pamoja. Kumwambia askofu au mkuu wa shirika hakuchukui nafasi ya kumwambia polisi.

Hapa kuna jambo ambalo walei wanapaswa kulijua vizuri. Yale ambayo padre anayasikia katika sakramenti ya Kitubio hawezi kuyatoa kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote ile. Mtu akija kwenye kiti cha maungamo akasema ameona mzee akipigwa, padre hawezi kulichukua neno hilo na kwenda nalo polisi. Kwa hiyo anayetaka padre amsaidie kutoa taarifa amfuate nje ya maungamo, ofisini au uwanjani, amwambie kama mtu anavyomwambia mtu. Watu wengine wamedhani wameshatoa taarifa kwa kuwa walimwambia padre katika Kitubio, wakatulia nyumbani. Hapo wamesema na Mungu. Mzee bado anangoja wamwendee afisa.

9. Namna ya kutoa taarifa

Kila kamati ya parokia iweke utaratibu huu, na uandikwe ukutani.

(a) Mzee kwanza. Kama ameumia au yumo hatarini, apelekwe hospitali saa ile ile. Kwa kosa la kijinsia asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari. Kama ni jeraha la kupigwa, fomu ya polisi namba 3 ichukuliwe kituoni. Lakini mgonjwa mahututi atibiwe, fomu ifuate.

(b) Andika siku hiyo hiyo. Andika tarehe, saa, mahali, ulichokiona kwa macho, na maneno ya mzee kama alivyoyatamka. Usichanganye ulichokiona na unachokidhani. Usimhoji mzee maswali mengi wala usimtilie maneno mdomoni. Maswali ya kina waachie wenye kazi hiyo.

(c) Arifu siku hiyo hiyo. Kosa la jinai lipelekwe kituo cha polisi. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto lenye askari waliozoea kuwasikiliza walioonewa. Hali kadhalika mwarifu afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye ndiye anayeweza kushughulikia mahali pa kumhifadhi mzee. Mkuu wa nyumba aarifiwe pia, isipokuwa kama yeye mwenyewe ndiye anayeshukiwa.

(d) Omba namba ya kumbukumbu na jina la aliyepokea taarifa. Taarifa isiyo na namba hupotea.

(e) Rudi. Baada ya siku chache enda ukamwone mzee na ukaulize hatua zilizochukuliwa. Kama hakuna, panda ngazi ya juu. Familia ya Adelaide ingalibisha mlango mmoja tu, Oakden isingalifungwa.

(f) Mlinde aliyesema. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Lakini ulinzi wa kwanza ni wa jumuiya: asimame na wenzake wawili au watatu, wasimwache aende peke yake.

10. Haki ya anayeshukiwa

Tume ya Haki na Amani haiwezi kutetea haki ya mmoja kwa kuvunja ya mwingine. Mtumishi anayeshukiwa bado hajahukumiwa. Jina lake lisitangazwe kwenye jumuiya, wala kwenye simu za makundi, wala kanisani. Asipigwe wala asizomewe. Yawezekana michubuko ile imetokana na kuanguka, au na dawa zinazofanya ngozi ya mzee ichubuke kwa urahisi. Uchunguzi wa haraka humfaa hata yeye, kwani aliye safi husafishwa mapema kabla uvumi haujamla. Taarifa ya mapema kwa mamlaka na ukimya mbele ya umma vinakwenda pamoja. Sisi mara nyingi tumefanya kinyume: mtaa mzima unajua, polisi hawajui.

Vilevile, tusiridhike na kumkamata mhudumu mmoja. Kama usiku mtu mmoja ameachiwa wazee wengi kupita nguvu zake, bila glavu na bila kulala, basi anayestahili kuulizwa ni pamoja na aliyepanga zamu hiyo. Parokia inayotoa taarifa iwe tayari pia kutoa mikono: kusaidia kulisha, kufua na kukesha.

11. Tamati

Ndugu wapendwa, amri ya nne haikusema tuwaheshimu wazazi wakiwa na nguvu tu, wala haikuishia kwa wale waliotuzaa. Wazee waliomo katika makao walijenga barabara, walilima pamba, walifundisha, walizika wafu wetu. Sasa hawawezi kwenda wenyewe kituoni wakasema wameonewa. Wanangoja mtu apite, aone, na asingoje kesho. Tunaomba kila parokia iliyo karibu na makao ya wazee ichague kabla ya mwezi kwisha watu wawili watakaotembelea kila wiki, bila kutangaza siku, na wenye namba za simu za polisi na za afisa ustawi wa jamii mfukoni.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika eneo letu kuna nyumba zinazotunza wazee? Mara ya mwisho tulikwenda lini, na tulizungumza na mzee yeyote faraghani?

2. Ni sababu gani kati ya zile zilizotajwa katika sehemu ya 7 ina nguvu zaidi kwetu? Tufanye nini ili isitufunge midomo?

3. Kama leo jioni mjumbe wetu atakuta dalili za dhuluma, atamwarifu nani kabla ya kulala? Tutaje jina na mahali.

4. Je, tuna ndugu walio nje ya nchi wanaotunza wazee? Tumewahi kuwauliza hali ya kazi yao?

5. Wazee wetu walio majumbani mwetu je? Kama jirani angeingia leo bila hodi, angekuta nini?